Kabla hujatoka wodini, dai karatasi ya goti lako

Kama unajiandaa kubadilishwa goti, au unampeleka mzazi, nina ombi moja. Siku ya kuruhusiwa, omba karatasi inayoonyesha kampuni iliyotengeneza goti bandia uliloweka, aina yake, saizi ya kila kipande na namba ya toleo. Viwanda huweka ndani ya kila boksi vibandiko vyenye maelezo hayo, ili kimoja kibandikwe kwenye faili na kingine apewe mgonjwa. Nimewaona wagonjwa wengi wakitoka na picha ya eksirei, mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki. Kibandiko hawakukiona kabisa.

Naing'ang'ania karatasi hii kwa sababu ya operesheni ya pili, ile ambayo watu hawapendi kuitaja wakati wa kuchangishana fedha za ile ya kwanza.

Goti likishasagika, daktari haling'oi lote. Anachonga ncha ya mfupa wa paja na ncha ya muundi, kisha anazivika vyuma. Mara nyingi cha juu ni cha mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, cha chini ni cha titani, na katikati inakaa plastiki ngumu inayofanya kazi ya gegedu lililoisha. Kwa kawaida vyuma hushikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Kazi hii inafanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na katika hospitali kadhaa za Kenya, na wapo wanaosafiri hadi India. Matokeo yake kwa walio wengi ni mazuri sana. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliotumia kumbukumbu za nchi zinazofuatilia wagonjwa wao kwa miaka mingi ulikadiria kwamba magoti 82 kati ya 100 yanadumu miaka 25.

Lakini umri una neno lake. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba anayebadilishwa goti akiwa amevuka miaka 70 ana uwezekano wa takriban asilimia 5 tu wa kurudiwa operesheni hiyo maishani mwake. Kwa mwanaume wa miaka 50 hadi 54, ni asilimia 35. Ndiyo maana kijana mwenye matege ambaye goti limelika upande mmoja anastahili kwanza kuelezwa kuhusu upasuaji wa kukata muundi na kuunyoosha mguu, akae na goti lake mwenyewe miaka kadhaa zaidi. Nasikitika ninapoona hilo halitajwi hata kidogo.

Goti bandia hurudiwa kwa sababu mbalimbali: maambukizi, vyuma kulegea kwenye mfupa, plastiki kulika, goti kuyumba, au mfupa kuvunjika baada ya kuanguka. Maambukizi ndiyo yanayonitia hofu kuliko yote. Bakteria wakishatua juu ya chuma hujijengea utando ambao dawa hazipenyi vizuri. Hapo mara nyingi vyuma vyote hutolewa, na mahali pake huwekwa saruji iliyochanganywa na antibayotiki. Mgonjwa anaishi hivyo kwa wiki nyingi akiendelea na dawa, na goti jipya linawekwa pale tu madaktari wanaporidhika kwamba wadudu wamekwisha. Kwa hiyo goti lililofanyiwa upasuaji likianza kuvimba, kupata joto au kutoa majimaji kwenye kovu, tafadhali usipitie duka la dawa kununua vidonge. Ukivimeza kabla daktari hajavuta maji ya goti na kuyapima, maabara inaweza kushindwa kumwona mdudu, na matibabu yote yanayofuata yanakuwa ya kubahatisha. Mwambie hivyo na jirani yako mwenye huruma anayekuletea dawa zilizobaki za mjomba wake.

Karatasi inaingia hapa. Plastiki ikiwa imelika na vyuma bado vimeshika vizuri, wakati mwingine inatosha kubadilisha plastiki peke yake, na hiyo ni operesheni ndogo ukilinganisha na kung'oa kila kitu. Ila plastiki inajifunga kwenye sahani ya chuma ya aina ileile na saizi ileile. Ya kampuni nyingine haikai. Daktari asiyejua ndani kuna nini anabaki kukisia kwa eksirei. Asipopata jibu, huenda akalazimika kutoa vyuma vizima vilivyoshika imara, na kila chuma kinachong'olewa huondoka na mfupa. Mfupa ukipungua, goti la pili linahitaji vyuma vyenye shina refu linaloingia ndani ya mfupa na vipande vya kujazia mashimo. Gharama inapanda, na kupona kunachukua muda mrefu zaidi.

Mama yangu mdogo alifanyiwa nje ya nchi. Goti lilipolegea, daktari wa hapa aliuliza swali moja tu: ni la kampuni gani? Familia nzima tulitazamana. Barua pepe kwa hospitali ile zilikwenda wiki kwa wiki bila jibu, na yeye kitandani akisubiri, hawezi hata kwenda msalani bila kushikwa mkono.

Kuna sababu nyingine. Mwaka 2021 na 2022 kampuni ya Exactech ya Marekani ilitangaza kurudisha plastiki zake za magoti, zikiwemo zilizotengenezwa tangu mwaka 2004, kwa sababu mifuko yake ilikosa tabaka la kuzuia oksijeni. Plastiki ikipigwa na oksijeni kabla ya kutumika inaweza kuchakaa mapema. Tangazo kama hilo likitoka kesho, mtu aliyeko Tanga au Kisumu atajuaje kwamba linamhusu?

Sweden ilianza kuandikisha magoti bandia katika daftari la taifa mwaka 1975. Malawi, jirani zetu ambao si matajiri kutuzidi, walianzisha daftari lao la viungo bandia mwaka 2005. Naamini kabisa Afrika Mashariki inahitaji daftari moja la pamoja, maana wagonjwa wetu wanavuka mipaka: wa Arusha anatibiwa Nairobi, wa Goma anakwenda Kampala. Wizara za afya ziweke sharti kwamba hakuna goti linaloingia mwilini bila namba yake kuandikwa.

Wakati tunalisubiri hilo, wewe uliyekwisha kufanyiwa rudi hospitali uombe ripoti ya upasuaji kutoka kwenye faili lako. Ipige picha kwa simu, wapelekee watoto wako wawili au watatu, na nakala ya karatasi iweke pamoja na kadi ya bima.