Halloween ya mtaani: shida ni mchawi ama ni mlango?

Kila mwaka Oktoba ikielekea mwisho, magrupu ya WhatsApp ya watu wetu huku Minnesota, Marekani, yanachemka na swali lilelile, watoto watoke Halloween, ule usiku wa tarehe 31 wa kuvaa mavazi ya kuigiza na kugonga milango kuomba switi, ama wakae nyumbani. Mmoja anasema ni ibada ya mapepo, mwingine anasema wacheni watoto wale switi, na watu wanaumizana kwa maneno kabisa, marafiki wa miaka. Mimi nimeishi hapa miaka kumi na mbili na nimesimama pande zote mbili kwa nyakati tofauti, so wacha niliseme kwa urefu.

Kwanza hii ya kusema ni sikukuu ya Wamarekani, hata wao waliletewa. Ilikuja na Waskoti na zaidi Waairishi waliokimbia ile njaa ya viazi iliyoanza 1845, watu maskini kabisa, wakaja na mkesha wao wa Watakatifu Wote, ambao nyuma yake kuna mila ya zamani zaidi ya kupokea msimu wa baridi, Samhain. Kwao walichonga taa kwa tanipu, mboga ya mzizi. Huku wakakuta malenge, makubwa na rahisi kuchonga, wakahamia hapo. Na haikuwa usiku wa watoto wadogo wenye adabu, miaka ya 1920 na 1930 vijana walikuwa wanaharibu mali za watu, wanapaka madirisha sabuni, wanaangusha vyoo vya nje. Hapa karibu na sisi, mji wa Anoka kaskazini mwa Minneapolis, watu walichoshwa na hiyo fujo, mwaka wa 1920 wakaandaa gwaride la watoto na vitu vya kula ndio vijana wapate shughuli nyingine usiku huo, na mpaka leo mji unajiita makao makuu ya Halloween duniani. Hii ya kugonga milango kuomba switi ilishika sana baada ya Vita vya Pili, mgao wa sukari ulipoondolewa 1947. Yaani majirani ndio waliikalia chini wakaifuga mpaka ikatulia.

Na sisi watu wa Kiswahili tusishangae sana, maanake tunayo yetu. Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Unguja, asili yake ni Nairuzi ya Waajemi, mwaka mpya uliokuja na watu wa bahari, lakini nani leo atamwambia mtu wa Makunduchi kwamba ile si yake? Wanaume wanapigana kwa vigogo vya migomba kutoa kinyongo cha mwaka mzima, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba, na siku ile ni vizuri kila nyumba iwe na mgeni wa kula naye. Ndugu zetu walioko Oman nao wanajua usiku wa katikati ya Ramadhani watoto wanavyopita nyumba kwa nyumba wakiimba, wakipewa peremende na karanga. Ukiangalia hizi zote unaona kitu kimoja, sikukuu ya kuja inakuwa ya mtaa ikipata wenyeji, watu wa kufungua mlango na kusema karibu.

Mwaka wetu wa kwanza hapa tulikuwa hatujui kitu. Saa kumi na mbili jioni mlango ukagongwa, mume wangu akaniambia zima taa, kwa sababu tangu tuhamie hakuna mtu alikuwa amewahi kugonga huo mlango bila kupiga simu kwanza, miezi saba! Nikachungulia nikaona katoto kamevaa mabawa ya kipepeo juu ya jaketi zito, mabawa yamejikunja kwa sababu ya jaketi, kamebeba foronya ya mto kama mfuko, na baba yake amesimama kule chini kwa barabara anapunga mkono. Hatukuwa na kitu cha kupeana. Nilikapa ndizi. Ni usiku huo nilijua jirani wa kushoto ni nesi na wa mbele ni mzee mjane anayeishi peke yake, na ndiye aliyenieleza mambo ya kimbunga cha theluji cha Halloween 1991, inchi zaidi ya 28 hapa mjini, na watoto bado walitoka. Kwa mtu aliyekulia mahali jirani anaingia na kijiko mkononi kuomba chumvi, huo usiku mmoja ulinigusa sana.

Sasa upande wa pili, na huu naomba usichukuliwe kama ushamba. Mama mkwe wangu anatoka Kisii. Alipotutembelea akaona kwa uwanja wa jirani kuna makaburi ya plastiki na sanamu ya mchawi, mwanamke mwenye pua ndefu amening'inizwa kwa mti, hakula jioni hiyo. Aliniambia, "Mwanangu, huyu mnacheza naye, kwetu anachomwa." Na ni kweli. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto huko Kisii kwa kuitwa wachawi. Oktoba 2021, wiki mbili tu kabla ya tarehe 31, wanawake wanne wazee waliuawa Marani, hukohuko Kisii, kwa tuhuma hizohizo. Na Wakisii ni wengi sana huku Minnesota. Sasa ukimwambia mtu kama huyo ati ni mchezo tu, unamwambia kwamba kile anachokijua hakina uzito. Wanaopinga kwa ajili ya mapepo mimi nawajibu kwamba hata jina la sikukuu lilitoka kanisani, tunaweza kuzungumza. Lakini kwa hoja ya mama mkwe sina jibu, na ndio maana kwangu hakuna mtoto anavaa uchawi wala hakuna mtu wa kunyongwa kwa mti.

Makanisa mengi yamejaribu njia ya katikati, magari yanapangwa kwa paking ya kanisa, mabuti yanafunguliwa, watoto wanapita wakichukua switi. Ni salama, ni joto la watu wako. Ila mtoto anarudi nyumbani amekutana na walewale wa Jumapili, na yule mzee mjane amekaa na bakuli lake mlangoni hakuna aliyekuja.

Ile hofu ya switi zenye sumu nayo tuiweke mahali pake. Msosholojia Joel Best wa Chuo Kikuu cha Delaware amefuatilia ripoti za tangu 1958 na hajapata kesi iliyothibitishwa ya mgeni kuua mtoto kwa switi ya mlangoni. Ile kesi ya Texas ya 1974 inayosimuliwa sana, aliyeweka sumu alikuwa baba mzazi wa mtoto. Hofu yangu mimi iko kwa Halloween isiyo na mwenyeji, ile ya baa na barabara. Seoul, Korea Kusini, 2022, mtaa wa Itaewon, watu 159 walikufa kwa msongamano, na maswali mengi yaliangukia hapohapo, umati mkubwa hivyo na hakuna mwandalizi. Nairobi pia nikiiona inavyokuja naona imepitia kwa mabaa na mapati ya tiketi, na hiyo sidhani itazaa chochote cha mtaa, inaisha na bili.

Kwa sababu ya hiyo hofu ya sumu huwezi kumpa mtoto kitu cha kupika mwenyewe, lazima kiwe kwa pakiti. Nilijaribu mahamri mwaka wa tatu, yule nesi akaniambia polepole kwamba wazazi watayatupa. Iliniuma. Lakini wazazi wenyewe wanasimama pale nje kwa baridi wakingoja, so nikaweka meza ndogo mwisho wa uwanja, tamosi mbili za chai ya tangawizi na mahamri kwa bakuli limefunikwa na kitambaa. Wakala wao. Mwaka uliopita mzee wa mbele alivuka saa kumi na moja hata kabla ya watoto kuanza kutoka, amebeba kiti chake cha kukunja na jamu ya raspiberi aliyopika mwenyewe, akauliza kama chai imeiva.