Usimwambie amepona kabla hajacheka

Hapa Dar es Salaam mtu akiamka mdomo umekwenda upande, maelezo hayakosekani. Kalala na feni usoni. Kapigwa na upepo dirishani kwenye daladala. Jini kamzaba kibao. Nimeyasikia yote kwenye chumba cha fiziotherapia ninamofanyia kazi, na sina ugomvi nayo maadamu aliyeyasema kamleta mgonjwa mapema. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe, watu wa hospitali. Mgonjwa anarudi kliniki, anaketi, tunamtupia jicho, mdomo umerudi katikati, tunaandika kwenye faili kwamba anaendelea vizuri na kumruhusu aende. Hatujamwambia acheke. Hatujamwambia afumbe macho. Uso uliotulia hauna la kutueleza kuhusu misuli yake, sawa na goti ambalo hatujalikunja.

Ninaozungumzia hasa ni wale wenye kupooza kwa Bell, yaani upande mmoja wa uso kulegea ghafla, ugonjwa uliobeba jina la Charles Bell, daktari mpasuaji wa Scotland aliyeeleza kazi ya mshipa wa fahamu unaosogeza uso mwaka 1821. Ni mshipa wa saba kati ya ile inayotoka kichwani, na unapita kwenye mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio. Ukivimba humo hauna pa kutanukia. Habari njema ni kwamba wengi hupona. Utafiti mkubwa wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2002, uliofuatilia wagonjwa wasiopewa dawa, ulikuta 85% wameanza kupata mwendo usoni ndani ya wiki 3, na 71% wakarudi sawasawa kabisa. Wachache waliobaki walianza kupata mwendo kati ya mwezi wa 3 na wa 5. Hao ndio tunaowapoteza, kwa sababu hatukuandika siku gani nyusi ilianza kusogea. Bila rekodi ya kwanza, ya pili utailinganisha na nini?

Kipimo tunachofundishwa wengi ni cha House na Brackmann, cha mwaka 1985: daraja la 1 ni uso mzima, la 6 hakuna kinachosogea. Ni rahisi, na daktari yeyote wa masikio, pua na koo anakielewa. Tofauti ya daraja la 3 na la 4, kwa mfano, ni kama jicho linafumba lote mgonjwa akijitahidi. Hapo kina maana kubwa, kwani jicho lisilofumba kwenye mji wenye vumbi na bodaboda kama huu linahitaji matone mchana na plasta usiku. Lakini kinaukusanya uso wote kwenye namba moja, na uso hauponi wote kwa mwendo mmoja.

Kuna dada mmoja muuza vitenge Kariakoo aliyekuja kwangu miezi mingi baada ya kuambiwa amepona. Akikaa kimya, ukimtupia jicho tu huoni kitu. Akicheka, jicho la kushoto linafumba. Wateja wa kiume walidhani anawakonyeza. Wake zao nao walidhani hivyo hivyo, na biashara ya vitenge ni ya wake zao. Akaacha kucheka dukani. Kilichomtokea kinaitwa sinkinesia: nyuzi za mshipa zinapoota upya nyingine hukosea njia, uliokuwa uende kwenye midomo ukafika kwenye kope. Huwa inaanza kujitokeza miezi kadhaa baada ya ugonjwa, wakati faili lilishafungwa.

Kwa mtu kama huyu napendelea kipimo cha Sunnybrook, kilichotoka Toronto mwaka 1996. Hakihitaji mashine. Unaanza kwa kutazama uso ukiwa umetulia: jicho, mkunjo wa shavu, pembe ya mdomo. Kisha unaomba miondoko mitano. Inua nyusi. Fumba macho taratibu. Cheka meno yaonekane. Kunja pua kana kwamba umenusa shombo la Feri. Chonga midomo kama wa kupiga mluzi. Kila mwondoko unapewa 1 hadi 5, na unaandika pia kiungo gani kingine kimevutika bila kuombwa. Yule dada alipata jumla ya 21 kwenye miondoko, mara 4 ni 84. Ukitoa 5 za uso uliotulia na 6 za sinkinesia, inabaki 73 kati ya 100. Sabini na tatu, na faili linasema kapona!

Tena kuna mtego ambao hata wenzangu wenye uzoefu hunasa. Misuli ya upande ulioumwa ikirudi vibaya hukaza, mkunjo wa shavu unazidi kina, na upande usioumwa ndio unaoonekana umelegea. Mgonjwa anaanza kuufanyisha mazoezi upande usio na tatizo. Wengine wameambiwa watafune bigijii kutwa na kupuliza maputo kwa nguvu zote. Mimi siyapendi mazoezi hayo. Kwa mwenye sinkinesia, nguvu nyingi inaimarisha mivuto ile ile mibaya. Anachohitaji ni miondoko midogo, polepole, mbele ya kioo, jicho likibaki wazi.

Najua jibu: foleni. Kliniki imejaa hadi koridoni na daktari ni mmoja. Miondoko mitano haichukui muda zaidi ya kupima presha, na anayeipima si lazima awe daktari. Halafu kila ndugu anayesindikiza mgonjwa ana simu. Arekodi video fupi, uso ukitazama dirisha, miondoko ile ile, kila baada ya wiki mbili. Katika jaribio la Scotland la prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, lililochapishwa mwaka 2007, wagonjwa walipigwa picha za kawaida wakiwa wametulia na wakifanya miondoko, kisha wataalamu wakazipangia madaraja ya House na Brackmann bila kuambiwa nani alipewa dawa gani. Waliopewa dawa hiyo ndani ya saa 72, 94.4% walikuwa wamepona kabisa kufikia mwezi wa 9, wasioipata, 81.6%. Tofauti hiyo ilionekana kwa kamera tu.

Na mgonjwa mwenyewe aulizwe. Akisukutua maji wakati wa kutawadha yanavuja? Wali unabaki shavuni? Analia machozi akila? Mzee mmoja aliniambia anajua siku gani alipona: siku aliyopuliza chai ya moto kwenye kisosi bila kuirushia shati. Hakuna namba ya kipimo changu iliyofikia ushahidi huo.

Kwenye kadi ya kliniki ningeandika tarehe moja tu kwa kalamu nyekundu: mwisho wa mwezi wa 3. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 wa kutibu kupooza kwa Bell unataka ambaye uso haujarudi sawasawa kufikia hapo apelekwe kwa mtaalamu wa mshipa huu. Siku hiyo aje na video zake, na tumwambie acheke.