Kiuno cha suruali ndio kilinifanya nimkumbuke fundi

Mnaosema maisha ya huku ugenini yanamfundisha mtu kujitegemea, mi nawasikia, ila mimi hayajanifundisha kitu, yamenikosesha fundi tu basi, na ukishakosa fundi unashika sindano mwenyewe upende usipende.

Mwaka wangu wa kwanza huku nilipungua, suruali zikawa zinashuka nikitembea. Nyumbani hiyo siyo habari, unampelekea fundi asubuhi, anakuzungushia tepu, anapiga chaki, jioni unachukua nguo yako. Huku nikapeleka kwenye kaduka ka marekebisho, wiki mbili nzima, pesa karibu ya kununua nyingine, na iliporudi mifuko ya nyuma imesogeleana utadhani inataka kubusiana! Baadae ndio nikaelewa, walibana yote kwenye mshono mmoja wa katikati nyuma, na pale ukipita kama sentimita 5 hivi lazima mifuko ivutwe, kiasi kingine unatakiwa ukimalizie kwenye mishono ya pembeni.

Basi nikaanza mwenyewe, kwa mkono, cherehani sina. Na nikakosea kosa la kijinga kabisa ambalo nadhani kila mtu analipitia: kiuno kilikuwa kimezidi sentimita 4, mi nikachora mstari sentimita 4 kutoka kwenye mshono, nikashona usiku kucha, asubuhi kifungo hakifiki hata karibu na tundu. Kumbe kitambaa kimekunjwa mara mbili, ukiingia 4 umetoa 8. Ilitakiwa niingie 2. Na sketi ndo zaidi, ukiingia sentimita 1 tu kila upande umeshatoa 4, maana mishono ya pembeni ni miwili. Nikafumua yote, na kufumua jamani kunachosha kuliko kushona.

Suruali za kitambaa hazisumbui sana kwa sababu nyingi mkanda wake, ule ulioshonewa kiunoni, umeungwa pale katikati nyuma, unafumua lupu (kile kitanzi cha kupitishia mshipi), unafungua mkanda, unashona mstari mpya kuanzia juu ukishuka taratibu mpaka ukutane na ule wa zamani, usikatize ghafla maana kitambaa kitavimba hapo kama umeficha kitu. Jinzi ndo balaa. Mkanda wake ni kipande kimoja kimezunguka, kwa hiyo unaukata nyuma, unaunga, unaficha kiungo chini ya lupu, na kwa cherehani unataka sindano nene, namba 100 hivi, nyembamba inavunjika. Mi sina moyo huo, jinzi naweka lastiki: matundu mawili madogo upande wa ndani wa mkanda, napitisha lastiki kwa sefti pini, nashona ncha zote mbili zisichomoke, kwisha. Ukivaa blauzi ya kuning'inia nani anaona.

Sasa kinachonikera hasa siyo hata bei. Fundi wa nyumbani akikushonea nguo anaacha akiba ndani ya mshono, unanenepa anaachia, unakonda anabana, nguo ileile. Hizi za dukani nazonunua huku ukifungua ndani unakuta kitambaa kinaishia hapohapo kwenye ovaloki, zile nyuzi za kuzuia ukingo usifumuke, labda sentimita moja, yaani kupunguza unaweza ila kuongeza sahau, labda utie kiraka pembeni. (Suruali rasmi za wanaume sizisemi, zile mara nyingi zina akiba nzuri tu nyuma.) Aliyezikata hizi za dukani ni kama alishaamua kwamba mwili wako ukibadilika nguo unatupa, halafu watu wananiambia huku wanajua kutunza vitu, wapi!

Ila nisiwe mnafiki, kuna kitu fundi wangu alikuwa hakipati. Alinipima nimesimama, na mimi nikiona tepu navuta tumbo ndani, hivyo kila sketi ikija nzuri mpaka nikae. Siku hizi najipima nimekaa, na naacha vidole viwili vipite kwenye mkanda, na nguo ya pamba naifua kwanza ndio niibane, maana inaweza kusinyaa. Hayo nimeyajua huku, nakubali, ingawa angekuwepo yeye ningemwambia tu naye angeelewa.

Kingine nilichomuiga ni kutokata. Nikibana nguo kile kitambaa kinachozidi nakilaza kwa pasi nakiacha humohumo ndani, kinaleta unene kidogo lakini navumilia. Na afadhali, maana kilo zote zimerudi, jana usiku nimekaa na wembe nafumua ileile suruali niliyoanza nayo.