Miezi 16 haingoji mnada wa korosho

Hapa Mtwara, mke akinyimwa kibali cha kumfuata mumewe anayefanya kazi nje, ushauri wa familia karibu siku zote huwa mmoja: tulia kwanza. Wazee husema nchi ya watu haiingiwi kwa nguvu. Wakwe husema hela nyingine isitoke mpaka korosho ziuzwe. Anayetaka kuomba tena mwezi uleule huonekana king'ang'anizi, mtu aliyeambiwa hapana akajifanya hajasikia. Huyo king'ang'anizi ndiye ninayetaka kumsemea, hasa kama mume yuko Kanada.

Septemba 2025 dada mmoja wa Shangani, fundi cherehani, alinionyesha barua yake. Alikuwa ameichapisha steshenari, akaikunja mara nne na kuisweka ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto. Mumewe ni mhandisi wa mitambo, aliondoka na kibali cha miaka miwili kinachokwisha Machi 15, 2027. Yeye aliomba mwezi Juni kibali cha kazi cha mwenza, kile kisichomfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Barua ikasema afisa hakuridhika kwamba ataondoka Kanada muda wake ukiisha, na uthibitisho wa ndoa haukutosha.

Tangu Januari 21, 2025 Kanada imekaza masharti. Si kila mfanyakazi mgeni anaweza kumvuta mwenza wake tena. Kazi ya mume au mke aliyetangulia lazima iwe ya ngazi ya juu, au iwe kwenye orodha ya kazi zenye uhaba wa watu. Uhandisi umo. Lakini kuna sharti la pili ambalo barazani halizungumzwi kabisa: siku maombi ya mwenza yanapopokelewa, kibali cha aliyetangulia lazima kiwe kimebakiza miezi 16 au zaidi.

Hebu tuikokotoe hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo inayoamua kila kitu. Kibali cha miaka miwili ni miezi 24. Ukitoa 16 inabaki minane. Ndani ya miezi hiyo minane mume afike, aanze kazi, apate hati za mshahara, amtumie mke nyaraka, mke asafiri kilomita zaidi ya 500 hadi Dar es Salaam kupiga alama za vidole, maombi yakae mezani, jibu litoke, na akinyimwa atume tena. Kwa dada huyu mwisho ulikuwa Novemba 15, 2025. Minada ya korosho huanza Oktoba. Mpaka mzigo wa ghalani uuzwe na malipo yaingie, tena yagawanywe kwa ndugu, Desemba imefika. Desemba mume ana miezi 15. Kwa hiyo yule mkwe mwenye huruma aliyesema "subiri tuuze kwanza" angemfungia nje bila kukusudia, hadi mume aongezewe kibali, kama ataongezewa. Mtoto aliyeachwa ana mwaka mmoja angekutana na baba yake akiwa na miaka mitatu au zaidi.

Wanaoshauri kusubiri wana hoja, na haipaswi kubezwa. Idara ya uhamiaji ya Kanada yenyewe huwaambia watu wasiombe tena kama hali yao haijabadilika au hawana taarifa mpya ya maana. Ada ni dola 255 za Kanada kila mara, na kwa fundi cherehani hizo ni nguo nyingi za sikukuu. Afisa wa pili analiona faili la kwanza. Ukituma karatasi zilezile, umelipia kunyimwa mara ya pili. Hapo nakubaliana nao moja kwa moja.

Ila wao huchanganya kungoja na kujiandaa. Tuliketi na dada huyu tukapitia alichotuma. Cheti cha ndoa kilikuwa cha Kiswahili, bila tafsiri iliyoapiwa, ilhali Kanada haipokei hati isiyo ya Kiingereza au Kifaransa bila tafsiri. Hati ya mshahara ya mume ilikuwa moja. Kuhusu maisha yake ya hapa hapakuwa na neno: leseni ya biashara yake, shamba la mikorosho alilorithi Nanyamba, mama anayemtegemea. Kijana aliyemjazia fomu alimwambia mume yuko kule, inatosha. Haitoshi, kwa sababu mume kuwa kule ndiko kunakomtia afisa shaka kwamba mke hatarudi. Sheria yao ya uhamiaji, kifungu cha 22(2), inakubali kwamba mtu anaweza kutamani kuhamia baadaye na bado akaingia kwa muda, ilimradi afisa aridhike ataondoka muda ukiisha. Sasa afisa ataridhika kwa lipi kama hukumwonyesha kitu?

Mapengo hayo yote yalizibika kwa wiki tano. Alama za vidole hudumu miaka 10, basi safari ya Dar es Salaam na dola 85 za alama hazikurudiwa. Na tangu Julai 29, 2025 maelezo ya afisa yameanza kuambatishwa kwenye baadhi ya barua za kukataa, hivyo anayeyapata halazimiki tena kubahatisha kosa lake.

Wengine husema aende mahakamani. Aliyeko nje ya Kanada ana siku 60 za kufungua shauri Mahakama ya Shirikisho, lakini hata akishinda jaji hampi kibali. Faili hurudi kwa afisa mwingine. Aliyetuma kila kitu akapuuzwa ana sababu ya kufika huko. Aliyesahau tafsiri hana.

Ushauri mmoja ndio unaonitia hofu kweli. Kuna mawakala mjini wanaowaambia akina mama waandike kwamba hawajawahi kunyimwa, eti faili lianze safi. Fomu inauliza swali hilo wazi, na jibu la kwanza maafisa wa Kanada wanalo. Kusema uongo pale kunaweza kumfungia mtu miaka mitano, na ndipo kosa la karatasi, ambalo lilikuwa linatibika, linapogeuka kuwa la mtu mwenyewe.

Dada yetu alijibu ndiyo, akaeleza alinyimwa lini na amerekebisha nini. Ada aliikopa kwenye kikoba, korosho zingali ghalani. Maombi yake yalipokelewa Novemba 9, mume akiwa amebakiza miezi 16 na siku sita.