Valletta na Mji Mkongwe: nyumba za urithi tunaziachia nani?

Mie naishi Uingereza miaka mingi sasa na kila nikifika mahali penye mji wa zamani lazima niulinganishe na kwetu Unguja, ila hakuna mji ulionigusa kama Valletta kule Malta. Tulishuka pale asubuhi na meli ya kruzi, meli inaegesha chini ya kuta za ngome kabisa, unatembea kidogo unapanda lifti ya mita 58 hadi bustani ya Barrakka na Bandari Kuu yote unaiona chini yako. Wenzetu wengi wa melini wakakimbilia mabasi ya utalii, mie na mume wangu tukaingia vichochoroni.

Jamani ule mji! Umeanza kujengwa 1566, mwaka mmoja tu baada ya Waturuki kukizingira kile kisiwa wakashindwa, nyumba zote za mawe ya rangi ya asali, vichochoro vinateremka hadi baharini na juu roshani za mbao zilizozibwa vioo, za kijani, nyekundu, buluu. Katika kichochoro kimoja tukamkuta fundi mtu mzima yuko juu ya jukwaa anatengeneza roshani, tukasimama kumtazama. Habomoi. Ana patasi ndogo, kakata sehemu iliyooza tu, haizidi kiganja, kachonga kipande kingine kinachoingia pale pale bila nafasi, na rangi ya zamani anaikwangua pole pole mpaka mti mtupu. Nikamuuliza mbona asing'oe ubao wote akaweka mpya, akanambia mti huu wa zamani ukishautoa huupati tena, wa dukani hauna umri. Na serikali yao imekuwa na mpango wa kuwachangia wenye nyumba gharama za kutengeneza roshani kama hizo, kwa hiyo mwenye nyumba hasubiri mpaka imwangukie mpita njia.

Sisemi Malta peponi. Winchi za ujenzi zimejaa kisiwani, na vijana wanalia na kodi za nyumba. Tena kuna milango imefungwa minyororo yenye kutu, dirishani mmeota majani. Mama mmoja aliyetuuzia pastizzi (ni kama sambusa lakini unga wake wa matabaka, ndani jibini au njegere) akatueleza nyumba ya jirani yake haikaliwi kwa sababu warithi ni wengi na nusu yao wako Australia, maana Wamalta walihama sana kwenda huko baada ya vita kuu ya pili, na hakuna anayekubali kusaini. Nilivyosikia hivyo nikajiona nimesimama Mkunazini, mtaa wa kwetu Mji Mkongwe.

Kwetu Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, UNESCO wametuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, watu tunapenda kuilaumu serikali na mara nyingine inastahili, jumba la Beit al-Ajaib la Sultan Barghash lilianguka upande mmoja Desemba 2020 watu wawili wakafa na hilo halisahauliki. Lakini nyumba ngapi za watu binafsi zinakufa kimya kimya kwa sababu wenyewe tuko Muscat, Dubai, London, Toronto, kila mmoja anasema fungu langu lipo na hakuna anayetoa hata senti ya bati? Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Paa likivuja maji yanashuka ukutani, chokaa inalegea, vichwa vya boriti vinaoza ndani ya ukuta usivyoviona, siku moja dari la juu liko chini. Halafu anakuja mtu na haraka zake anapiga lipu ya saruji juu ya chokaa, ukuta unashindwa kupumua, unyevu unabaki ndani na mambo yanazidi kuharibika. Mafundi wa chokaa wapo Unguja mpaka leo, wanasubiri kazi.

Najua mtu ataniambia wale wako Umoja wa Ulaya, wana pesa. Kweli wanazo. Lakini kuziba paa la nyumba ya bibi yako hakuhitaji Umoja wa Ulaya. Tunachanga harusi, tunachanga maulidi, tunachanga nauli ya mtu kwenda India kutibiwa, na tunachanga vizuri mashaallah, kwa nini nyumba iliyotulea sote isiwe kwenye mchango? Mimi naona mirathi igawanywe kwa kadhi, anayetaka kuuza fungu lake amuuzie ndugu yake kwanza kabla ya kumpelekea mwekezaji wa hoteli, na hata kabla hamjagawana wekeni pesa kidogo ya paa, kwa sababu mvua haingojei warithi wasikilizane.

Sisi kwenye grupu la familia nishalianzisha, kaka mkubwa yupo Muscat yeye ndo mshika pesa, na binamu aliyeko Malindi ya Unguja atapanda na fundi darini kupiga picha kila boriti. Wenye nyumba mitaa ya Kiponda na Hurumzi, semezaneni na wenzenu sasa hivi kabla masika haijaingia.