Mazabodi au pawasaplai? Kesi ya seva ya nyumbani iliyogoma kuwaka

Mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, ndiyo inayosingiziwa kuliko kifaa kingine chochote ndani ya kompyuta. Umeme ukikatika, ukarudi, mashine ikagoma kuwaka, jibu huwa lile lile, uwe Mtwara mjini, Masasi au Lindi: "Mazabodi hiyo, mzee, imeungua." Mwenye kompyuta ya kuchapia barua ataumia kidogo. Mwenye seva ya nyumbani, mashine inayokesha ikihifadhi picha za familia, video za kamera za ulinzi na hesabu za duka, anaumia zaidi, maana mashine yake aghalabu ni ya mtumba na mazabodi ya kufanana nayo haipatikani dukani.

Mafundi wenyewe hawakubaliani namna ya kuitafuta hitilafu. Wapo wanaoamini kubadilisha: chomoa pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, weka nyingine nzima, ikiwaka umemaliza, isipowaka mazabodi ndiyo mkosaji. Wapo wanaoamini kupima: usiguse kifaa hadi multimita, kile kipimo cha volti, iseme kitu. Mimi niko karibu zaidi na wapimaji, ila si kwa sababu wanazotoa wao, na kuna mahali wabadilishaji wana haki kabisa.

Tuanze na mazingira. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560 kwa barabara, na vipuri vya kompyuta vingi hutoka Kariakoo. Fundi wa Dar akibadilisha kifaa kwa kubahatisha, kosa lake anaweza kulirekebisha jioni hiyo hiyo. Fundi wa Mtwara akikosea ameagiza kifaa kisichohitajika, amelipia mzigo kwenye basi, na mteja bado anasubiri. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi hadi Dar maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, hata huko kusubiri kulikuwa hakuna mwisho unaojulikana. Multimita ya kawaida bei yake ni ndogo kuliko nauli ya safari hiyo. Kwa hesabu ya fedha peke yake, kupima kunashinda.

Lakini mtu hapimi asichokishuku, na wengi wetu tunashuku kitu kimoja tu: umeme wa huku kwetu. Shaka hiyo ina msingi. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zimeendeshwa nje ya gridi ya Taifa, kwa mitambo inayotumia gesi ya Mnazi Bay, gesi iliyogunduliwa mwaka 1982. Mfumo mdogo wa aina hiyo hutikisika kirahisi: mzigo mkubwa ukiingia au mtambo mmoja ukitoka, volti na kasi ya umeme hucheza kuliko kwenye gridi kubwa. Hata hivyo, lawama nyingine tunazoutupia umeme hazina ushahidi. Umeme mdogo, ule unaofanya taa ziwe hafifu, huua kompresa ya friji. Pawasaplai ya kisasa iliyoandikwa volti 100 hadi 240 hauiui kirahisi. Ukishuka sana mashine itajizima, basi. Hatari kubwa iko pale umeme unaporudi kwa kishindo, na kwenye radi za masika, ambazo wakati mwingine haziingii kwa soketi kabisa bali kwa waya wa mtandao unaoshuka kutoka kwenye antena juu ya bati. Ubao ulioungua sehemu ya mtandao tu, huku pawasaplai ikiwa nzima, unaeleza wazi mshale ulitoka upande gani.

Sasa vipimo vyenyewe. Pawasaplai ya kawaida ya ATX, muundo wa kompyuta nyingi za mezani, ina kiunganishi cha pini 24, na ndani yake kuna nyaya tatu zinazomaliza ubishi mwingi. Waya wa zambarau hutoa volti 5 za kusubiri muda wote pawasaplai ikiwa kwenye umeme, hata mashine ikiwa imezimwa. Waya wa kijani ni amri: ukibonyeza kitufe, mazabodi huuvuta hadi karibu na sifuri, na hapo ndipo pawasaplai huamka. Waya wa kijivu ni jibu: pawasaplai ikiona umeme wake umetulia, huupandisha hadi karibu volti 5, kwa kawaida ndani ya milisekunde 100 hadi 500. Unapima kiunganishi kikiwa kimechomekwa kwenye ubao, ncha nyeusi ya multimita ikigusa waya mweusi wowote, ncha nyekundu ikiingizwa kwa nyuma ya plagi.

Zambarau ikikosekana, au ikiwa chini ya 4.75, anza kwenye soketi, ekstensheni, waya wa umeme na swichi ya nyuma. Hivyo vyote vikiwa sawa, chomoa plagi kwenye mazabodi upime tena. Ikirudi 5, ubao unaivuta chini. Isiporudi, pawasaplai ina kesi ya kujibu. Zambarau iko sawa lakini kijani haishuki unapobonyeza? Hapo mshukiwa ni kitufe au mazabodi, na kitufe unakitoa kwenye orodha kwa kugusanisha pini zake mbili kwenye ubao kwa ncha ya bisibisi. Kijani inashuka, pawasaplai haitingishiki: pawasaplai. Kijani inashuka, feni zinazunguka sekunde moja kisha kimya, na kijivu haipandi: kuna shoti mahali, au pawasaplai imechoka. Zima, chomoa diski, chomoa kadi, kisha chomoa ile plagi ya pini 4 au 8 inayolisha prosesa. Feni zikiendelea kuzunguka baada ya hiyo ya mwisho kutoka, shoti iko kwenye mzunguko wa umeme wa prosesa, na hilo ni jambo la ubao kweli.

Wapimaji wengi hukomea hapo wakiona wamemaliza kazi. Hawajamaliza. Multimita ni shahidi mzuri wa mashtaka na shahidi dhaifu wa utetezi. Ikikuambia waya wa njano, ule wa volti 12, unatoa 10.8, kesi imekwisha, kwa sababu kiwango kinachokubalika ni 11.4 hadi 12.6. Ikikuambia 12.1, hujaambiwa mengi. Pawasaplai yenye kapasita (vile vifaa vidogo vinavyotunza na kutuliza umeme) zilizochoka inaweza kutoa namba safi ikiwa haina mzigo, kisha ikaporomoka diski nne zinapoanza kuzunguka kwa pamoja. Mawimbi madogo ya umeme uliochafuka multimita haiyaoni kabisa, inakupa wastani. Osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, ingeyaona, lakini tuseme ukweli, ni mafundi wangapi wa mtaani Chikongola wanayo? Na lile jaribio maarufu la kuunganisha kijani na nyeusi kwa kipande cha waya ili kuona kama feni ya pawasaplai itazunguka linathibitisha jambo moja tu, kwamba feni inazunguka.

Hapa ndipo wabadilishaji wanapata haki yao. Pawasaplai nzima uliyoazima kwa jirani, ukaichomeka kwa dakika kumi, inaipima ile ya kwanza kwa mzigo halisi, kitu ambacho multimita haiwezi. Na hatari yake ni ndogo, maana pawasaplai nzuri ina ulinzi wa shoti na itajizima yenyewe. Kosa lao ni pale wanapogeuza mwelekeo. Kuweka pawasaplai nzima kwenye ubao unaoshukiwa ni jaribio. Kuweka mazabodi mpya kwenye pawasaplai inayoshukiwa ni kamari, kwa sababu kama pawasaplai ndiyo iliyoua ubao wa kwanza, wa pili hauna kinga. Fundi anayeagiza mazabodi kabla ya kuithibitisha pawasaplai anacheza na hela ya mteja, si yake.

Kuna kikwazo kingine ambacho wabadilishaji hukigundua wakiwa wamechelewa. Seva nyingi za nyumbani huku ni kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya. Dell OptiPlex za kizazi cha 3020, 7020 na 9020 zina plagi kuu ya pini 8, si 24, na HP za daraja hilo nazo zina plagi zao. Pawasaplai ya kuazima haiingii bila adapta. Kwa upande mwingine, pawasaplai nyingi za Dell za aina hiyo zina kitufe kidogo cha kujipima nyuma, na taa ya kijani ikiwaka ukikibonyeza, angalau unajua haijafa kabisa. Tunazinunua mashine hizi, tunazitumia miaka, na kitufe hicho hakuna anayekigusa.

Hitilafu inayowadanganya wote, wapimaji na wabadilishaji, haimo kwenye pawasaplai wala kwenye shoti. Ni betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu. Seva hupangwa kwenye BIOS, programu ya mwanzo iliyo ndani ya ubao, iwake yenyewe umeme unaporudi. Mpangilio huo, pamoja na saa, hulindwa na betri hiyo umeme usipokuwapo. Mashine ikiwa kwenye soketi, volti za kusubiri ndizo zinazofanya kazi hiyo, kwa hiyo betri inaweza kufa na usijue kwa miezi. Siku umeme unakatika, mpangilio unafutika, na ubao unarudi kwenye tabia ya kiwandani, ambayo mara nyingi ni kubaki umezimwa. Umeme unarudi, seva inalala, mwenyewe yuko Masasi kwenye mnada wa korosho, anapiga simu nyumbani kuambiwa "imekufa". Haijafa, inasubiri kubonyezwa kitufe. Mbao nyingine, betri ikiisha kabisa, husimama zikidai mtu abonyeze kibodi, na seva ya kona haina kibodi. Betri nzima husoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 2.8 ibadilishe tu, haina haja ya mjadala.

Mashine inayowaka tu baada ya kuchomolewa kabisa na kuachwa dakika chache ni hadithi nyingine. Mara nyingi ulinzi wa pawasaplai umejifunga na unahitaji umeme uondoke ili ufunguke, au kapasita za ule mzunguko wa kusubiri zimekauka. Ikijirudia kila wiki, usiizoee. Siku moja haitarudi.

Na pwani ina mambo yake. Hewa ya chumvi ya Shangani au Mikindani huingia dirishani na kukaa kwenye meno ya RAM, kile kibao cha kumbukumbu, na pini za plagi. Kutu nyembamba inatosha kuifanya mashine izunguke feni bila kuonyesha kitu. Kifutio cha penseli kwenye meno ya RAM na spiriti safi kwenye plagi vimefufua mashine zilizokwisha kuhukumiwa. Joto nalo lina bei: kwa kanuni ya jumla ya mafundi umeme, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza nusu ya maisha ya kapasita yenye maji ndani. Kapasita iliyovimba kichwa au kuvuja rangi ya kahawia haihitaji multimita, inahitaji macho. Usimsahau mjusi kafiri, anayependa joto la pawasaplai na hufia humo akiwa ameunganisha mahali pasipostahili kuunganishwa. Lakini pawasaplai usiifungue mwenyewe kumtoa: kapasita yake kubwa huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa.

UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, ni mshukiwa anayesahaulika. Betri yake ikichoka, inakuwa ekstensheni ya bei ghali inayozima seva kila inapojaribu kuhamisha umeme. Iondoe kwenye mstari wakati wa uchunguzi.

Tuseme sasa ubao umetiwa hatiani kwelikweli: zambarau ipo, kijani haishuki, kitufe kizima, betri mpya, pawasaplai ya kuazima nayo imeshindwa. Tengeneza au tupa? Wanaosema tupa wana hoja: mazabodi iliyolehemiwa si ya kuaminiwa kwenye mashine inayokesha peke yake. Ila naona wanawadharau mafundi simu. Kijana anayebadilisha kijidude cha kuchaji cha simu kwa hewa moto anaweza kubadilisha kapasita zilizovimba au transista yenye shoti kwenye ubao wa kompyuta, ambao sehemu zake ni kubwa kuliko anazozoea. Kwa kapasita, ningetengeneza bila kusita. Kwa shoti kwenye umeme wa prosesa, ningeuliza kwanza bei ya kompyuta nzima ya mtumba, na aghalabu bei hiyo hushinda. Wengine huhamia laptopu kwa kuwa ina betri yake na adapta moja tu ya kubadilisha. Si wazo baya kwa diski moja, ingawa betri inayochajiwa mwaka mzima kwenye joto la Lindi huvimba, na hapo unakuwa umebadilisha hatari moja kwa nyingine.

Hesabu zote hizi zinawezekana kwa sababu kinachothaminiwa kwenye seva hakikai kwenye mazabodi. Kiko kwenye diski, na diski ikihamishiwa mashine nyingine kwa kawaida husomeka. Ndiyo maana diski zitoke kwanza, kabla ya multimita, kabla ya pawasaplai ya kuazima, kabla ya kubonyeza kitufe "kidogo tu tuone". Pawasaplai inayokufa huku ikitupa volti nyingi kwenye waya wa njano itaua ubao ambao Kariakoo wanao, na diski ambazo Kariakoo hawawezi kukuuzia na picha zako ndani yake.