Ukitua Frankfurt, kula kwanza hapohapo

Ndugu na marafiki wanaokuja Ujerumani kwa mara ya kwanza huniuliza swali lilelile: chakula cha Wajerumani ni kipi, na tukakile wapi? Mara nyingi jibu wameshakuja nalo kutoka nyumbani: mguu wa nguruwe, bia ya lita nzima, na wahudumu waliovaa mavazi ya Bavaria, jimbo la kusini lenye mji wa Munich. Kesho yake wanapanda treni kwenda Munich, na Frankfurt waliposhukia hawajaonja hata tonge.

Linaniuma hilo. Ni sawasawa na mgeni kufika Bukoba, akaulizia urojo, akaondoka bila kugusa ndizi wala senene. Ujerumani iliungana kuwa dola moja mwaka 1871. Kabla ya hapo ilikuwa falme na miji iliyojitawala, na Frankfurt yenyewe ilikuwa mji huru mpaka ufalme wa Prussia ulipoutwaa mwaka 1866. Majiko yake hayajaungana mpaka leo. Bavaria ni jiko moja tu kati ya hayo.

Frankfurt wana Grüne Soße, sosi ya kijani, na mimi ndiyo ninayomtakia kila mgeni wangu. Ni majani saba, hayapungui: parsley, kitunguu majani, kresi, jani chachu liitwalo Sauerampfer, Borretsch, Kerbel na Pimpinelle. Hukatwakatwa mabichi, yakachanganywa na krimu chachu au mtindi. Sosi haipikwi, huliwa ya baridi, na huja na mayai ya kuchemsha na viazi vya moto. Ukiponda yai na kiazi ukachovya, kwanza unapata uchachu, halafu ubichi wa majani, halafu joto la kiazi linafuata. Sijui chakula kingine cha huku kinachonikumbusha hivyo mboga za majani za nyumbani, ingawa ladha yake si ya mchicha wala kisamvu.

Kwa desturi msimu wake hufunguliwa Alhamisi Kuu, kabla ya Pasaka. Nenda soko la Kleinmarkthalle katikati ya mji, utaona majani yote saba yamefungwa pamoja ndani ya karatasi nyeupe, tayari kwenda jikoni. Tangu mwaka 2016 Umoja wa Ulaya unalilinda jina hilo: majani yanayouzwa kama Grüne Soße ya Frankfurt lazima yawe yamelimwa Frankfurt au vitongoji vya jirani. Ndiyo maana nilikasirika siku moja karibu na stesheni, mkahawa wenye menyu ya lugha sita uliponiletea uji wa kijani uliosagwa laini, hauna harufu ya jani lolote. Mgeni akianzia pale ataamini sosi yenyewe ndiyo hiyo. Vuka mto uende mtaa wa Sachsenhausen, na ukiona wenyeji wazee wamejaa, ingia.

Kwa sisi tusiokula nguruwe, sahani hii ni faraja kubwa. Lakini uliza kila mara, kwa sababu viazi vya kukaanga, hata maharage mabichi, mara nyingi hutiwa Speck, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Sema tu: "Ist da Schweinefleisch drin?", yaani humo kuna nyama ya nguruwe? Hakuna atakayekushangaa. Na uliza hata pale jina linapoonekana kueleweka. Kule Köln rafiki yangu aliagiza Halve Hahn, yaani nusu jogoo, akaletewa mkate wa rai, nafaka inayofanana na ngano, na kipande kinene cha jibini. Ndicho chakula chenyewe, na jogoo hayumo.

Munich siichukii. Katika bustani zao za bia unaruhusiwa kuja na chakula chako mwenyewe, desturi iliyotokana na amri ya mfalme ya mwaka 1812, na hiyo ni ukarimu wa kweli kwa mwenye familia. Ninachoomba ni zamu tu: Frankfurt kwanza, Munich baadaye.

Ukiwa Sachsenhausen, usingoje meza yako peke yako. Mnakaa benchi moja na watu msiowajua. Uliza "Ist hier noch frei?", yaani hapa pana nafasi?, kisha keti. Beba fedha taslimu, na ujue kwamba maji hulipiwa. Wenyeji hunywa mvinyo wa tufaha kutoka mtungi wa kijivu wenye michoro ya buluu, Bembel. Asiyekunywa pombe aagize Apfelschorle, juisi ya tufaha na maji ya gesi.

Halafu jaribu Handkäs, jibini ndogo yenye harufu kali, iliyolowekwa katika siki na vitunguu. Mara yangu ya kwanza niliomba uma. Mzee aliyekaa kando yangu alitikisa kichwa, akachukua kisu, akakata kipande, akakiweka na vitunguu vyake juu ya mkate uliopakwa siagi, akanisogezea.